Juu ni Karibu na Jua, Mbona Kuna Baridi?

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kikatiti, Arumeru)



Hapa Kikatiti tunaona milima miwili. Huku Meru, kule Kilimanjaro. Mmetuuliza swali zuri: mtu akipanda mlima si anakaribia jua? Mbona basi kileleni Kibo kuna barafu, na sisi huku chini tunatokwa jasho?

Jua liko mbali nasi kiasi cha kilomita milioni 150. Kibo ni mita 5,895, hata kilomita 6 hazifiki. Kwa jua hizo si kitu. Tena jua halipashi hewa sana. Miale yake hupita hewani ikaipiga ardhi. Ardhi ikipata moto, ndiyo inayopasha hewa iliyo juu yake, kama jiko na sufuria. Hewa hiyo ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Toeni upepo katika mpira wa baiskeli, mtausikia ni wa baridi. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi.

Hewa yote inayoizunguka dunia huitwa angahewa, nayo ina matabaka. Hili letu la chini ni troposfia. Huku kwetu karibu na ikweta lina unene wa kilomita 16 hivi, na karibu mawingu yote na mvua zote zimo humo. Juu yake ni stratosfia, mpaka kilomita 50. Humo mambo hugeuka: ukipanda, joto huongezeka. Sababu ni gesi ya ozoni, ambayo hunasa miale mikali ya jua isituunguze ngozi. Kisha ni mesosfia, ambamo vimondo huungulia, halafu themosfia. Hayo ya juu tuyaache, hatuyakuti tukienda shamba.

Linalotugusa ni vijana wetu wanaokwenda kubeba mizigo ya wageni mlimani. Ukipanda, hewa huwa nyepesi. Kileleni Kibo, pumzi moja ina karibu nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Kwa hiyo kichwa huuma, mtu hutapika, usingizi hukimbia. Akiwa hivyo asiendelee kupanda. Lakini akianza kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi hali amekaa, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku. Wapagazi wamekwisha kufa kwa ugonjwa huu, na wengine kwa baridi.

Tumesikia watu wakisema, "Huyo mvivu tu," au, "Ni pombe ya jana." Sivyo. Ugonjwa huu humpata hata kijana mwenye nguvu, hata aliyezaliwa mlimani.

Basi mama na baba, kijana akiwaaga, fungueni mfuko wake mtazame. Usiku kule juu maji huganda. Kama mna shati moja na kandambili, asiondoke bado. Atafute kwanza sweta nzito, koti lisilopenya mvua, soksi, viatu vya kufunika mguu, na blanketi.