Baridi si moja: juu ya sanduku letu na ndugu walio kwenye miji ya theluji

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba hapa Yahuma. Tumeyaandika karibu kama yalivyotamkwa.)



Tunasimama leo juu ya sanduku. Kila mwaka, mwezi wa 1 na wa 2, mchango wa ndugu walio ng'ambo unashuka, na kila mwaka maneno ni yale yale: wametusahau, wamekuwa wazungu. Halafu kijana anafungua simu na kusoma: Tromsø, kule Norwe, mwezi wa 1 ni digrii 4 hivi chini ya sifuri. Val-d'Or, kule Kanada, ni 17 hivi chini. Basi anakata kesi: yule wa Tromsø ana nafuu, alipe; yule wa Val-d'Or tumhurumie. Sisi tuliokaa kwenye miji midogo ya namna hiyo na kurudi, tunasema ile hesabu ya simu haitoshi.

Tushike kwanza kipimo cha hapa kwetu. Kule Yangambi, kwenye mto kati ya Kisangani na huku, watu wa utafiti wanapima hewa na mvua tangu zamani za Wabelgiji. Joto ni digrii 25 hivi, mwezi wa 1 kama mwezi wa 7. Mvua ni karibu milimita 1,800 kwa mwaka. Sasa sikieni: theluji mpya ya sentimita 10 ikiyeyuka inatoa maji ya sentimita 1 tu. Val-d'Or inapata theluji ya mita 3 hivi kwa mwaka. Ni maji ya milimita 300, mvua zetu chache za nguvu tu. Mvua yetu yote ingekuwa theluji, ingefika mita 18 na kufunika ngazi nyingi za huku! Kwa hiyo tatizo si wingi. Yetu inaanguka saa moja, inaenda zake mtoni. Ile ya kwao inaanguka mwezi wa 11 na inakaa pale pale mpaka wa 4, na mtu anaichota kwa pawa kila asubuhi ndipo gari litoke.

Tromsø iko juu kabisa, mbali kaskazini kuliko Val-d'Or, lakini baridi yake ni ndogo. Juu ya nini? Juu ya bahari. Mkondo wa maji ya moto unatoka upande wa kusini wa Atlantiki na kupita kwenye pwani ile, ukipasha hewa. Theluji iko, tena nyingi: mwaka 1997, mwezi wa 4, ilipimwa pale sentimita 240 chini. Ila kinachommaliza mtu wa kwetu pale ni giza. Toka mwisho wa mwezi wa 11 mpaka katikati ya mwezi wa 1, jua halichomozi kabisa. Saa sita za mchana kuna mwanga kidogo wa bluu, basi. Usingizi unapotea, mwili unakuwa mzito. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, ndiyo maana pale watu wanakunywa mafuta ya ini la samaki kama dawa.

Fargo, kwenye nyanda za North Dakota, Marekani, ni kinyume. Jua linawaka sana, mbingu safi, unatazama dirishani unadhani ni siku ya kufua nguo. Lakini hakuna mlima wala msitu wa kuzuia upepo. Digrii 15 chini ya sifuri, pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi inasikia kama 26 chini. Masikio yanaumia kabla hujafika kituo cha basi. Missoula, Montana, ambako familia za Kongo zilianza kupelekwa mwaka 2016, iko bondeni: hewa baridi inalala chini, ya moto inaifunika juu kama kifuniko cha sufuria, na wingu linaweza kukaa siku nyingi.

Lewiston, Maine, ndiyo inayodanganya. Pale mchana theluji inayeyuka, usiku inaganda tena, na njia inakuwa kama kioo. Mwezi wa 1 mwaka 1998 mvua ya barafu ilipiga Maine na Quebec, miti na nguzo za umeme zikavunjika, nyumba nyingi sana zikakaa gizani, nyingine majuma kadhaa. Wengine walijaribu kujipasha na moto ndani ya nyumba iliyofungwa, na moshi usio na harufu ukawaua. Mama, ukiongea na mtoto wako aliye kule, mwambie hili hata kama atacheka: mbabula ya makala haiingizwi chumbani, hata umeme ukikatika siku kumi.

Sasa pesa. Nyumba nyingi za Maine zinapashwa kwa mafuta yanayoletwa na lori na kujazwa kwenye tangi. Mara nyingi unalipa siku ile ile yanapoletwa, na tangi likikauka mwezi wa 2 huwezi kusema nitangoje. Kwa hiyo ndugu wa Lewiston hana kitu toka mwezi wa 11 mpaka wa 3, ila kama mwenye nyumba anahesabu moto ndani ya kodi. Yule wa Val-d'Or ana umeme wa mabwawa ya Quebec, bei yake si kali, na kampuni ya Hydro-Québec haimkatii asiyelipa kati ya tarehe 1 mwezi wa 12 na tarehe 31 mwezi wa 3. Lakini deni halikufa, linalala tu. Linaamka mwezi wa 4. Kabla ya hapo, sheria inamtaka awe na matairi ya baridi toka tarehe 1 mwezi wa 12. Huyo msimdai mwezi wa 12, wala wa 4. Mwezi wa 2 anaweza.

Na wa Tromsø? Miaka ya 2021 na 2022 umeme ulipopanda sana kusini mwa Norwe, kaskazini bei ilibaki chini. Kweli anaweza kuchanga mwezi wa 1. Tumwombe, lakini yeye ndiye wa kupigiwa simu mara nyingi kuliko wote, na simu isianze na neno sanduku.

Tunapendekeza basi kalenda moja ya mchango iondolewe. Kila familia imuulize ndugu yake nyumba inapashwa kwa nini, nani analipa, na miezi gani imekaza, halafu amlipie sanduku kwenye miezi mingine. Jumla ya mwaka haibadiliki.

Wafadhili wetu wameuliza kama watume makoti kwa vijana wanaojiandaa kusafiri. Asante, ila msitume hapa. Koti la Fargo linataka kuzuia upepo, viatu vya Lewiston vinataka meno chini, na Kisangani hatuna mahali pa kujaribu hata kimoja. Kule kuna maduka ya nguo za tombola, bei ndogo. Afadhali ile pesa imngoje kijana kwenye mji atakaofika. Majina ya miji yao yako kwa mtunza sanduku.