Urefu Peke Yake Hautoshi

Leo napenda tuzungumze juu ya Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyezaliwa mwaka 1987, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3. Yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya kikapu ya Marekani, NBA. Hata hivyo, akitajwa vijiweni hakosekani mtu wa kusema: "Alipata bahati, akaichezea." Maneno hayo tuyapime.

Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15. Miaka michache baadaye alikuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, akicheza senta, yaani yule mrefu anayelinda chini ya goli. Msimu wa 2008/09 alizuia wastani wa mitupo zaidi ya 4 kila mchezo, na timu yake ikafika nusu fainali ya vyuo vya Marekani. Juni 2009, Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa 2 kati ya wachezaji wapya wote. James Harden alikuwa wa 3, na Stephen Curry wa 7.

Mambo yakawa magumu. Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, alipelekwa kwa muda ligi ya chini. Akapita Houston, Portland na Oklahoma City. Mchezo wake wa mwisho NBA ulikuwa mwaka 2014, akiwa amecheza michezo 224 kwa wastani wa pointi 2 na ushei. Baadaye alicheza Japani na Taiwan.

Sasa mtazameni huyo Curry. Baba yake, Dell Curry, alicheza NBA misimu 16, na mtoto akakua mpira ukiwa mikononi. Atauliza mtu: mbona Hakeem Olajuwon wa Lagos naye alichelewa kuanza kikapu, akawa bingwa? Ni kweli. Lakini Olajuwon alikuwa kwanza golikipa wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono. Mwili ulikwisha pata mafunzo.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ukishika njia ya Bagamoyo, ukapita Makurunge kuelekea Saadani, hebu hesabu magoli ya kikapu utakayoyaona katika viwanja vya shule. Mtoto aliyewazidi wenzake kimo tunamweka dawati la nyuma asiwazibe ubao, na msimu wa maembe tunamwita atuangulie. Basi, kazi ya urefu wake imekwisha.

Nguzo, ubao, pete ya chuma na mpira mmoja si mzigo wa kuishinda kamati ya wazazi. Kabla hatujamlaumu Thabeet kwa misimu 5 ya Marekani, tujiulize ile miaka 15 ya mwanzo alikuwa mikononi mwa nani.