Mgonjwa wa Kwanza: Utayari wa Daktari Kabla Mlipuko Haujatangazwa

Utayari wa nchi dhidi ya magonjwa ya mlipuko umezoeleka kupimwa kwa mipango iliyoandikwa, fedha zilizotengwa na semina zilizoendeshwa, na chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 umewekwa pia utaratibu wa tathmini ya pamoja, ambapo wataalamu wa ndani na wa nje huipa nchi alama katika nyanja mbalimbali. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuukubali, Februari 2016. Vipimo hivyo vina manufaa yake. Hata hivyo, hueleza zaidi uwezo wa serikali baada ya ugonjwa kujulikana, ilhali daktari wa zamu hukutana na ugonjwa huo siku kadhaa kabla haujapewa jina, na mara nyingi ni katika siku hizo ndipo yeye mwenyewe huambukizwa. Mhadhara huu unashikilia kwamba utayari wake upimwe hapo.

Ebola na Marburg, virusi vya ukoo mmoja, huhesabiwa miongoni mwa homa za kuvuja damu, jina ambalo limewapotosha wengi, kwa kuwa damu huvuja kwa baadhi tu ya wagonjwa, tena baada ya siku kadhaa. Mwanzoni huwa ni homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, kisha kutapika na kuharisha, dalili ambazo daktari wa ukanda wa Maziwa Makuu huziona kila siku kwa wagonjwa wa malaria na homa ya matumbo. Kipimo cha haraka cha malaria nacho hakimwokoi, kwani mahali ambapo wengi hubeba vimelea, jibu chanya halithibitishi kwamba malaria ndiyo inayomuua mgonjwa. Huko Mubende, Uganda, kijana aliyethibitishwa kuwa na Ebola Septemba 2022 alikuwa amekwisha kupita katika zahanati binafsi kabla ya hospitali ya rufaa kumshuku na kumtenga. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kwisha Januari 2023, wahudumu wa afya 19 walikuwa wameambukizwa na 7 kati yao wamekufa, akiwamo daktari Mtanzania aliyekuwa masomoni nchini humo.

Mfano wa Rwanda unagusa zaidi dhana iliyozoeleka, kwamba hatari iko vijijini tu, kwenye vituo visivyo na maji. Marburg iliyotangazwa nchini humo tarehe 27 Septemba 2024 iliwapata watu 66, na karibu asilimia 80 yao walikuwa wahudumu wa afya, wengi wakiwa wa hospitali kubwa za Kigali, hasa vyumba vya wagonjwa mahututi, mahali ambapo mpira wa kupumulia huingizwa kooni na damu kuchukuliwa mara kwa mara, na kwa hiyo mikono ya watabibu hugusa majimaji ya mwili kuliko penginepo. Waliokufa walikuwa 15, chini ya robo ya walioambukizwa, idadi ndogo mno kwa ugonjwa ambao katika milipuko mingine umewahi kuua zaidi ya asilimia 80. Sifa ya mafanikio hayo ni ya haki kwa madaktari wa Rwanda na kwa dawa za majaribio zilizofikishwa upesi. Lakini takwimu zile zile zinasema jambo la pili, ambalo halikushangiliwa: hospitali iliyoweza kumtibu mgonjwa kwa ustadi huo haikuwa imeweza kumlinda mtumishi wake kabla ugonjwa haujatambuliwa.

Kwa upande wa ujuzi wa kushuku, hakuna kielelezo bora kuliko Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda, ambaye Oktoba 2000 alipitia kumbukumbu za wagonjwa baada ya vifo visivyo vya kawaida, vikiwamo vya wanafunzi wa uuguzi, akaanzisha wodi ya kuwatenga wagonjwa bila kungoja jibu la maabara kutoka Afrika Kusini lililothibitisha kuwa ni Ebola. Uamuzi huo uliokoa wengi. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba 2000, na inaaminika aliambukizwa usiku alipomkimbilia muuguzi mgonjwa pasipo kinga ya macho. Ushujaa wake husimuliwa sana, pengine kupita kiasi, kwa sababu kumsifu shujaa ni rahisi kuliko kununua miwani ya kinga kwa kila wodi.

Yafuatayo basi si mambo ya semina: glavu, maji na sabuni kwa kila mgonjwa, awe anashukiwa au la; zoezi la kuvua vifaa kinga, ambalo ni la hatari kuliko kuvivaa; na sampuli isiyongoja siku nyingi, jambo zito kwa Kagera, iliyopata Marburg mwaka 2023 na 2025 ikiwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka maabara kuu ya taifa, Dar es Salaam. Linaongezeka suala la bima na fidia, ambalo madaktari wa mafunzo wa Mubende, katika mlipuko ule wa 2022, walilazimika kugoma ili lisikike. Wizara za afya za ukanda huu zinaombwa ukaguzi wake ujao uanzie kwenye mapokezi ya kituo cha afya, saa nane za usiku, bila kutoa taarifa.