Kabla ya Kununua Hadubini, Tutazame Kichwa cha Lenzi
(Hotuba ya Kamati ya Afya katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani)



Mwaka huu tunaomba mchango wa hadubini kwa ajili ya maabara za vituo vyetu vya afya. Wapo wanaouliza: kipimo cha haraka cha malaria si kipo? Kipo, na kinasaidia sana. Lakini hakihesabu vimelea, na aina inayotumika sana huweza kuonyesha malaria hata wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Tena hakioni mayai ya kichocho kwenye mkojo wa mtoto, wala vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi, wala vijinyoo vya matende, ambavyo huku pwani damu yake huchukuliwa usiku. Kazi hizo zote zinahitaji hadubini na mtaalamu wa kuitazama.

Kwetu chombo hiki si kigeni. Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti pale Amani mwaka 1902. Mwaka 1949 utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki ulianzia Muheza, kisha ukapanda mlima hadi Amani, na leo kazi hiyo iko chini ya NIMR. Haipendezi watu wa nchi hiyo wakose hadubini inayofanya kazi.

Sasa tuseme jambo ambalo wafadhili wengi hawalijui. Hadubini ya msaada haifi kwa taa au kioo peke yake. Huweza kufia pia kwenye kichwa cha lenzi, ile sahani ya kuzunguka inayobeba lenzi za chini. Lenzi moja ikivunjika, mtu mwenye moyo mwema hununua nyingine, halafu haiingii. Au inaingia lakini haionyeshi. Kwa hiyo kamati inawaomba, kabla ya kununua chochote, tuulize maswali manne.

La kwanza, kichwa kina matundu mangapi? Vipo vya matatu, manne, matano na sita. Maabara ya kituo cha afya inataka manne: lenzi ya 4, ya 10, ya 40, na ya 100 inayotumia mafuta. Bila ya 100 hakuna malaria wala kifua kikuu.

La pili, hesi yake ni ipi? Mwaka 1858 chama cha wataalamu wa hadubini cha London kilikubaliana kipimo kimoja: upana wa inchi 0.8, yaani milimita 20.32, na mizunguko 36 kwa inchi. Hadubini nyingi za kufundishia na za zahanati bado zinafuata kipimo hicho. Lakini Nikon wana lenzi za milimita 25, na Zeiss za milimita 27. Lenzi nyembamba huweza kukaa kwenye tundu pana kwa kuwekewa pete. Lenzi pana haiingii kwenye tundu jembamba hata kwa dua.

La tatu, lenzi zina urefu mmoja? Nyingi zimetengenezwa kwa milimita 45 kutoka bega la lenzi hadi kwenye slaidi. Baadhi ni 60. Ukizichanganya kwenye kichwa kimoja, ukizungusha tu, ile ndefu inagonga slaidi. Inaharibika lenzi, na inaharibika damu ya mgonjwa.

La nne, limeandikwa nini ubavuni? Palipo na 160, lenzi ni ya bomba la urefu wa milimita 160. Palipo na alama ya nane iliyolala, ni ya mfumo mwingine. Hesi zao huweza kufanana kabisa, lakini ukibadilishana picha inakuwa na ukungu.

Na kichwa chenyewe? Kingine kimefungwa kwa skrubu, kingine huteleza kwenye reli yake na kutoka. Cha kampuni moja kwa kawaida hakikai kwenye hadubini ya kampuni nyingine. Kikilegea na kuacha kushika kwa ule mlio wa "ka!", picha haikai katikati.

Kwa hiyo tunapendekeza tununue hadubini za aina moja kwa vituo vyote, zenye hesi ile ya zamani, pamoja na lenzi ya 100 ya akiba. Vituo vitaweza kuazimana, na fundi mmoja atazimudu zote. Fungu lingine liwe la mafunzo na matunzo: kuzungusha kwa kushika sahani, si kwa kuvuta lenzi, kufuta mafuta kila jioni, na kuhifadhi mahali pakavu penye hewa, maana unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye lenzi.

Ndugu zetu mlio mbali mnaotaka kuleta hadubini iliyotumika, karibuni sana. Tunaomba kwanza mtutumie picha ya kichwa cha lenzi na maandishi ya ubavuni. Ikifaa, tutapokea kwa mikono miwili.

Wenyewe husema Tanga waja leo waondoka leo. Hadubini zetu zisiwe hivyo. Zije, zikae, zitibu watu. Haba na haba hujaza kibaba. Fomu za ahadi ziko mezani.