Safari ya Polepole: Kutoka Nyacheki Hadi Pwani na Visiwani

Haya ni maandishi ya mada iliyotolewa kwa wakazi wa Nyacheki kuhusu namna ya kupanga likizo ya pwani kwa matatu, treni na mashua.



Kila mwisho wa mwaka, katika stendi ya Kisii, miongoni mwa watu wengi wanaorudi nyumbani huwa kuna familia chache zinazokwenda upande wa pili. Ni familia ambazo zimewaahidi watoto bahari. Mara nyingi ahadi hiyo hutimizwa kwa pupa: basi la usiku hadi Nairobi, basi jingine la usiku hadi Mombasa, siku mbili za kukimbia kutoka ufuo huu hadi ule, kisha kurudi na macho mekundu na mfuko mtupu. Januari inapofika, karo haipo. Watoto wanakumbuka bahari, wazazi wanakumbuka deni.

Mada ya leo inasema jambo moja tu. Mkazi wa Nyacheki asiye na gari anaweza kuiona bahari, akalala kisiwani, akarudi salama na karo ikiwa imelipwa, mradi aache haraka. Safari ya polepole si anasa ya matajiri. Kwa mtu wa matatu na treni, ndiyo safari iliyo nafuu, na ndiyo iliyo salama zaidi.

Karo kwanza, nauli ya kurudi pili

Mpango mzuri huanza mwishoni. Kabla ya kuhesabu siku za ufuoni, familia hutenga karo ya muhula wa kwanza na kuiweka mahali ambapo haitaguswa. Baada ya hapo hutenga nauli ya kurudi nyumbani. Pesa inayobaki ndiyo pesa ya likizo. Ikiwa haitoshi mwaka huu, safari inasogezwa hadi mwaka ujao, na akiba inaendelea kidogo kidogo katika chama au kwenye simu. Bahari haihami.

Jambo la pili ni tarehe. Wengi husafiri wiki ya Krismasi, wakati ambao nauli hupanda na viti huisha. Mwenye kuishi huku magharibi ana nafasi ambayo mtu wa Nairobi hana. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, anaweza kutoka mapema, magari ya kuelekea Nairobi yakiwa bado na nafasi, na kurudi kabla umati wa kuja mashambani haujaanza. Wanaosubiri kurudi kipindi cha Krismasi hulipa nauli ya sikukuu na kupigania kiti.

Upepo nao una ratiba yake. Pwani husema kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, joto likiwa kali na bahari ikiwa tulivu zaidi. Kusi huanza karibu na Aprili, pamoja na mvua za masika, na bahari huchafuka. Mtu anayepanga kupanda mashua na watoto wadogo asichague Mei.

Siku ya kwanza ni ya barabara tu

Kutoka Nyacheki, safari huanza kwa matatu hadi Kisii mjini. Kutoka Kisii hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Keroka, Sotik, Bomet na Narok. Anayetoka Kisii asubuhi na mapema hufika Nairobi alasiri, kukiwa bado na mwanga. Hapo ndipo wengi hukosea. Huona kwamba kuna treni ya saa nne usiku, wakaamua kuunganisha. Treni hiyo humfikisha abiria Mombasa kabla ya alfajiri, amechoka, na watoto wamelala mabegani, huku mwenyeji wake akiwa bado hajaamka.

Ni afadhali kulala Nairobi usiku mmoja. Familia nyingi za huku zina ndugu kule, na ndugu aliyepigiwa simu wiki mbili mapema hukasirika kidogo kuliko aliyepigiwa kutoka stendi. Mkungu wa ndizi na kifurushi cha chinsaga iliyokaushwa husaidia pia.

Treni ya mchana

Treni ya abiria ya reli ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa, Madaraka Express, ilianza kazi mwaka wa 2017. Kwa msafiri asiye na haraka, iliyo bora ni ile ya saa mbili asubuhi, inayosimama njiani katika stesheni kama Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi. Huchukua takriban saa sita. Katikati ya safari hupita mbuga ya Tsavo, na mtoto aliyekaa dirishani anaweza kuwaona tembo waliogeuka wekundu kwa udongo. Hiyo ni sehemu ya likizo ambayo tiketi tayari imelipia.

Tangu Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima, na daraja la kwanza shilingi 4,500. Nauli hubadilika, kwa hiyo ni vyema kuhakikisha kabla ya kupanga bajeti. Tiketi hununuliwa mapema kwa simu kupitia *639# au kwenye tovuti ya reli, na nambari ya kitambulisho huhitajika. Msimu wa likizo daraja la kawaida hujaa siku nyingi kabla. Mzazi abebe vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa kuwa nauli ya mtoto hutegemea umri wake.

Mambo matatu huwakwaza wasafiri wa mara ya kwanza. Moja, stesheni haipo katikati ya jiji, ipo Syokimau. Kuna treni fupi ya abiria kutoka stesheni kuu ya jijini inayounganisha na treni ya Mombasa. Pili, mizigo hukaguliwa, na ukaguzi una foleni, hivyo abiria afike angalau saa moja kabla. Tatu, visu haviruhusiwi. Kile kisu cha kumenyea miwa kibaki Nyacheki.

Mombasa pia, treni huishia Miritini, nje ya kisiwa. Matatu za kwenda mjini husubiri hapo hapo. Msafiri aulize nauli kabla ya kupanda, akae, apumue.

Mombasa: siku mbili, si nusu siku

Watu husahau kwamba Mombasa yenyewe ni kisiwa. Asubuhi moja inatosha kutembea kwa miguu Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 na ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2011. Katika vibanda vya wauza vinyago mjini, mtu wa Kisii hukutana na kitu cha nyumbani: viboko, tembo na sahani za mawe ya Tabaka, zikiuzwa kwa wageni kwa bei ambayo wachongaji wa kwetu wangefurahi kuipata.

Kifungua kinywa ni mahamri na mbaazi, na jioni ni viazi karai na madafu kando ya bahari. Vyakula hivi vya barabarani hulisha familia kwa pesa kidogo kuliko hoteli, na ndivyo wenyeji wanavyokula.

Kivuko cha Likoni hakimtozi nauli anayekwenda kwa miguu, na kwa watoto wa milimani kuvuka kwenyewe ni tamasha. Lakini hapa panahitaji subira kuliko popote. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilizama katika mkondo huo huo wa Kilindini kikiwa kimejaa kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Aliye likizoni hana sababu ya kusukumana. Kivuko kikijaa, asubiri kinachofuata.

Kisiwa kimoja kinatosha

Kutoka Mombasa njia ni mbili, na msafiri huchagua moja.

Njia ya kusini ni fupi. Baada ya kuvuka Likoni, matatu humpeleka Ukunda, karibu na ufuo wa Diani, kisha barabara ya Lunga Lunga na kukata kwenda Shimoni. Shimoni kuna mapango ambayo katika enzi ya biashara ya watumwa watu walifungiwa wakisubiri majahazi. Mwalimu au mzazi anaweza kufundisha historia hapo kuliko kitabu chochote. Ng'ambo, kwa mashua, kipo kisiwa cha Wasini, ambacho hakina magari. Akina mama wa kisiwa hicho wamejenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe, na kiingilio cha wageni huwasaidia wao na kijiji chao. Kwa miaka mingi maji matamu yamekuwa adimu Wasini, kwa hiyo anayetoka kwenye chemchemi za Bobasi asifungulie bomba ovyo.

Njia ya kaskazini ni ndefu. Matatu hupita Mtwapa na Kilifi hadi Malindi, kama kilomita 120. Njiani, karibu na Watamu, yapo magofu ya mji wa Gedi, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka wa 2024. Ni vyema kulala Malindi usiku mmoja au miwili kabla ya kuendelea. Kutoka hapo basi huenda kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha mashua hadi Lamu. Kuna vizuizi vya ukaguzi, na kila mtu mzima hutakiwa kuonyesha kitambulisho. Kabla ya kuchagua njia hii msafiri asikilize habari na kuuliza hali ya usalama, na asafiri mchana pekee. Siku hiyo ikiwa si nzuri, Malindi si mahali pabaya pa kukaa.

Anayefika Lamu hukuta mji wa kale, wenye vichochoro vyembamba, ulio katika urithi wa dunia tangu 2001. Mizigo hubebwa na punda na mikokoteni. Kijiji cha Shela kipo kama kilomita tatu, na mtu huweza kwenda kwa miguu kando ya maji asubuhi na kurudi kwa mashua jioni. Siku tatu za namna hiyo, bila ratiba nyingine, ndizo watoto watakazosimulia.

Kote huko mgeni huvaa mavazi ya heshima, humsalimu mzee kwa shikamoo, huomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na hupunguza kelele wakati wa adhana.

Bahari si mto Gucha

Mto huenda upande mmoja. Bahari huenda na kurudi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa karibu saa 24 na dakika 50, kwa hiyo saa za jana si saa za leo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakipwa mbali sana na kujaa juu sana. Mtoto aliyetembea hadi mwambani maji yakiwa yamepwa anaweza kukuta njia ya kurudi imefunikwa. Wavuvi wa mahali hapo wanajua saa zote hizo. Waulizwe kila asubuhi.

Kwenye mashua, kila abiria, akiwemo anayejua kuogelea, avae jaketi la kuokolea maisha. Mashua isiyo na jaketi za kutosha isipandwe, hata kama nahodha anasema safari ni ya dakika kumi.

Kwa afya: joto la pwani humshinda mtu wa nyanda za juu asiyekunywa maji ya kutosha. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Akipata homa baada ya kurudi, aende hospitali ya Nyacheki mara moja na amweleze mhudumu kwamba alikuwa pwani.

Kwa ambaye pesa haitoshi

Bahari ikishindikana mwaka huu, visiwa vipo karibu. Matatu kutoka Kisii huelekea Homa Bay, na kutoka hapo nyingine hadi Mbita kando ya Ziwa Victoria, yote kwa siku moja. Kisiwa cha Rusinga kimeunganishwa na Mbita kwa barabara, na huko lipo kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka wa 1969. Kutoka Mbita mashua huenda Mfangano, kisiwa cha Abasuba, ambako miamba ina michoro ya watu wa kale. Siku tatu za Mfangano kwa utulivu ni likizo kamili kuliko siku saba za Mombasa kwa mkopo.

Familia inayokusudia kwenda mwisho wa mwaka huu ikae pamoja jioni moja mezani. Iandike karo, iandike nauli ya kurudi, kisha iandike kisiwa kimoja. Wenyeji wa pwani husema mwenda pole hajikwai. Tunawatakia safari njema, na zaidi ya hapo, tunawatakia kurudi kwema.