Sanduku la Dawa na Neno "Sí"



Nimeombwa niseme machache juu ya safari za wanafunzi. Mwaka 1977, mwaka ambao Fidel Castro alizuru nchi yetu, tulitoka hapa Handeni kwenda kuuona msitu wa Usambara. Tulifuatana na daktari mmoja Mkuba. Kiswahili chake kilikuwa haba, na Kihispania chetu kilikuwa haba zaidi.

Kabla ya kuondoka alisoma orodha, nami nimeshika sanduku la huduma ya kwanza. "¿Azúcar?" Sukari, ipo. Hilo lilikuwa rahisi, kwani maneno yote mawili yametokana na Kiarabu. "¿Jabón?" Sabuni, ipo. Kisha akauliza, "¿Las vendas?" Nikaanza kujibu, "Si humu..." Yeye akasikia "sí", yaani ndiyo, akatia alama. Vendas ni bandeji, nazo zilibaki bwenini.

Kule mlimani mwenzetu aliteleza, jiwe likampasua mguu. Tulimfunga kwa shati langu. Alipona, lakini kovu analo hadi leo, na kila tukikutana hunionyesha.

Vijana, shikeni maneno haya: "¿Dónde está?", iko wapi? "Aquí está", hii hapa. Lakini msijibu kwa mdomo tu. Kitu kiinuliwe, kionekane, ndipo kitiwe alama. Hata mkisema Kiswahili kitupu, fanyeni hivyo hivyo.