Taji Liliondoka, Sheria Zake Zikabaki

Hotuba ya wakili kwa wanaharakati na waumini, Kitengela



Wana wa Israeli walipomwomba Samweli awape mfalme, nabii aliwaonya kwamba mtawala huyo angetwaa mashamba yao na watoto wao. Onyo hilo limo katika sura ya nane ya Samweli wa Kwanza. Watu wa Kajiado hawahitaji kufafanuliwa maana yake.

Mwaka 1904 Wamaasai waliwekeana mkataba na serikali ya Mfalme wa Uingereza, wakaahidiwa Laikipia kwa kudumu. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawaondoa huko na kuwasukuma katika hifadhi ya kusini, ambamo Kajiado yetu ilikuwamo. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 Mahakama Kuu iliitupa kesi yao, ikisema kuwa hayo yalikuwa mapatano ya mataifa mawili, na korti haina uwezo wa kuyachunguza. Mdaiwa alikuwa serikali ya Mfalme. Mahakama ilikuwa ya Mfalme.

Mlango wa mahakama ukifungwa, mwananchi hubaki na nini? Hubaki na kalamu. Mwaka 1921 Harry Thuku alipopinga kipande na kodi, alisaidiwa na M. A. Desai, mhariri wa East African Chronicle. Machi 1922 Thuku alikamatwa, waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi jijini Nairobi, naye akahamishiwa Kismayu bila kuhukumiwa.

Mwaka 1928 chama cha KCA kilianzisha gazeti la Muigwithania, mhariri wake akiwa Johnstone Kenyatta. Gazeti hilo halikutamka kwamba Mfalme aondoke. Lakini mtu asomaye habari za ardhi yake katika gazeti la watu wake huacha kuwa mtawaliwa, akaanza kuwa mwananchi. Hiyo ndiyo mbegu ya jamhuri, na watawala waliitambua. KCA ilipigwa marufuku mwaka 1940, na Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, magazeti mengi ya Waafrika yakafungwa.

Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri. Mhariri wa mwaka 1928 akawa Rais, na sheria ya uchochezi ya wakoloni ikabaki mezani pake. Ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu: taji liliondoka, sheria zake zikabaki.

Kanisa linakumbuka. Mwaka 1988 gazeti la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilifichua udanganyifu katika uchaguzi wa mlolongo. Likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo! Anayeogopa ukweli hakosi kifungu cha sheria.

Hatukukaa kimya. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, sheria ya uchochezi ikaondolewa mwaka 1997, na Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari katika Ibara ya 34. Isitoshe, Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Lakini haki isiyotumiwa hufifia. Nani kati yetu ameomba kwa maandishi kuona bajeti ya kaunti? Nani amekwenda kukagua rejista ya ardhi kabla ya shamba la ukoo kuuzwa? Wazee wa 1913 walikwenda mahakamani bila Katiba ya kuwalinda. Sisi tunayo, tena tunaiweka kabatini.

Basi someni, ulizeni, andikeni. Mtawala asiyeulizwa ni mfalme, hata kama tulimpigia kura.

Mungu awabariki, na Mungu aibariki Kenya.